Adhana na Kazi: Sala Tano Katika Mitaa ya Fordsburg



Ndugu wasomaji, suala tunaloulizwa mara kwa mara na familia zilizohamia hapa Johannesburg, hasa wenye vibanda na maduka pande za Mint Road na Central Road, ni hili: mtu atazipataje sala tano kwa nyakati zake ilhali mchana wote umekwisha liwa na kazi?

Kwetu pwani, wakati wenyewe humchunga mtu. Mombasa, Tanga au Unguja, tofauti ya kuchwa kwa jua mwaka mzima haifiki saa moja, na adhana ya msikiti mmoja ikikupita utaisikia ya mtaa wa pili. Hapa sivyo. Mwezi wa Juni jua huchwa yapata saa 11 na dakika 25 jioni. Mwezi wa Desemba huchwa karibu na saa 1 ya usiku, na Alfajiri ya mwezi huo huingia kabla ya saa 10. Mwenye kutegemea mazoea ya nyumbani, Magharibi ya siku za baridi itampita akifunga mizigo au akisubiri teksi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuwa na kalenda ya nyakati za sala za mji huu, itundikwe pale penye sanduku la fedha, si chumbani.

Ijumaa haina taabu kubwa kwa mwenye duka. Oriental Plaza, iliyojengwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waliofukuzwa Pageview kwa sheria za ubaguzi wa rangi, hufungwa Ijumaa kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana. Kodi ya pango hailali saa hizo mbili, na bado hufungwa. Aya ya 9 na ya 10 za Suratul Jumu'a zimelipanga jambo hili: kwanza biashara iachwe, kisha sala ikimalizika watu watawanyike kutafuta riziki. Kutafuta riziki hakukukatazwa. Kumewekewa zamu yake.

Penye uzito ni Alasiri. Wengi wetu ni Mashafii, na misikiti mingi ya hapa hufuata madhehebu ya Imam Abu Hanifa, ambayo kwayo Alasiri huingia baadaye, kivuli kinapofikia mara mbili ya urefu wa kitu, mbali na kivuli cha adhuhuri. Wako wanaolalamika kwamba jamaa inachelewa. Sisi tunaona ni wasaa. Mwenye zamu ya jioni husali mapema kwa madhehebu yake, na aliyebanwa na wateja huikuta jamaa, naye bado yumo ndani ya wakati.

Lisilotupendeza ni desturi iliyozuka ya kuunganisha Adhuhuri na Alasiri kila siku kwa hoja kwamba sisi ni wageni. Kwa Mashafii, msafiri akinuia kukaa siku nne kamili mahali, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, hukumu ya safari imemwondokea. Sembuse aliyekwisha andikisha watoto shule!

Walioajiriwa wana shida ya namna nyingine. Sheria ya masharti ya msingi ya ajira ya mwaka 1997 humpa mfanyakazi mapumziko ya chakula ya saa moja baada ya saa tano za kazi mfululizo, nayo yaweza kupunguzwa hadi nusu saa kwa maafikiano ya maandishi. Nusu saa yatosha udhu na Adhuhuri, na mkate pia. Ni bora kumweleza mwajiri mapema, kabla ya kutia saini, kuliko kutoroka kila siku kwa mlango wa nyuma.

Tusidhani kwamba sisi ndio wa kwanza kupita njia hii. Mwaka 1873 watu waliokombolewa utumwani, wengi wao Wamakua, waliletwa Durban kutoka Unguja, wakatiwa katika kazi za mkataba. Waliitwa Wazanzibari. Wakakaa Bluff, kisha katika miaka ya 1960 wakahamishiwa Chatsworth, na Uislamu wao haukupotea. Hao hawakuwa na duka la kufunga wala ruhusa ya kuomba.

Kina mama wanaouza vibandani wamesahauliwa mno katika mazungumzo haya, kwani si misikiti yote ya hapa yenye sehemu yao. Kwao yatosha pazia, chupa ya maji na mkeka safi, na jirani wa kushika kibanda kwa dakika kumi, naye ashikiwe chake. Waliotoka Mombasa wamezoea Kibla cha kaskazini barabara. Hapa ni kaskazini pia, ila mkeka uelekezwe mashariki kidogo.