Mume, Mke na Barza: Maisha ya Wamisionari Katika Milima ya Djugu

Wamisionari wa Kiprotestanti waliokuja kujitolea katika teritwari ya Djugu, kaskazini mwa Bunia, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, wengi wao walikuja wawili wawili, mume na mkewe. Africa Inland Mission, iliyoanza mwaka 1895 na kushika mizizi kwanza Ukambani nchini Kenya, iliingia Kongo mwaka 1912 na kupiga kambi Kasengu, upande wa Mahagi. Katika miaka iliyofuata vituo vyake vilifika Rethy, Linga na Blukwa, kati ya Walendu, Wahema na Waalur. Kanisa lililozaliwa na kazi hiyo ndilo CECA 20 ya leo. Wasioijua Ituri huwasimulia wanandoa hao kwa namna mbili tu: ama ni watakatifu walioteseka porini, ama ni mabwana waliokula kuku huku jirani akila sombe, yaani majani ya muhogo. Anayesema hivyo hajapata kuketi kwenye barza, ukumbi wa mbele ya nyumba, ya mmoja wao.

Kuja na mke kulikuwa na uzito wake. Mapadri wa Kikatoliki, waliokuwa na misheni zao Fataki na Drodro, hawakuoa, na kwa watu wanaohesabu utu uzima kwa ndoa na watoto, hilo lilihitaji kuelezwa. Mprotestanti hakuhitaji maelezo. Kama nyumba yake haikuwa na mtoto, wamama wa kanisa walimwombea mkewe waziwazi, bila kuuliza kama anapenda kuombewa. Mtoto alipozaliwa, mama yake aliacha kuitwa kwa jina la mumewe, akawa Mama Fulani kama wanawake wengine wote. Tangu siku hiyo alikuwa na mahali pake katika mazungumzo ya wanawake.

Rethy iko juu, yapata mita 2,000, na asubuhi zake ni za baridi. Viazi na kabichi hustawi, na nyumba za misheni, za matofali ya kuchoma na mabati, zilikuwa na mahali pa kuwasha moto sebuleni. Kabla ya chai, mume aliwasha foni, yaani redio ya mawasiliano, ili kusikia vituo vingine: nani mgonjwa, ndege inatua wapi, barabara gani imekatika kwa mvua. Mtaa mzima ulijua saa ya foni, na wapo waliopita makusudi kusikia habari kabla hazijatangazwa kanisani.

Baada ya foni ilikuja zamu ya barza, na hapo ndipo palipokuwa kitovu cha maisha yao. Watu walifika mapema, wakaketi ukutani, wakangoja. Huyu ana mtoto mwenye homa, yule anadaiwa ada ya shule, mzee mmoja hana shida yoyote ila amekuja kusalimu. Mgeni mpya alikosea kwa kuuliza mara moja, "Nikusaidie nini?" Swali hilo lilisikika kama kumfukuza mtu. Ilibidi kwanza aulize habari za nyumbani, za shamba, za mgonjwa wa wiki iliyopita, kisha anyamaze kidogo. Shida yenyewe ingetajwa mwishoni, mtu akiwa ameshasimama kuaga. Aliyejifunza hayo alikubaliwa, hata Kiswahili chake kikiwa kibovu. Asiyejifunza alibaki mgeni miaka yote, hata kama aliisoma Biblia kwa Kilendu bila kukwama.

Mwalimu wa adabu hiyo kwa kawaida alikuwa mpishi wa nyumba, au zamu, yaani mlinzi, wa usiku. Ndio waliojua nani anadanganya, nani ana aibu ya kuomba, nani amekosana na nani. Barua ambazo wamisionari waliwaandikia wafadhili wao Ulaya na Marekani hazikuwataja sana watu hao.

Jumapili ibada ilikuwa ndefu, na sehemu tamu zaidi ilikuwa matoleo. Mwenye pesa alitoa pesa; wengine walileta maharage, mayai, mkungu wa ndizi, au kuku aliyefungwa miguu. Baada ya ibada vitu hivyo vilinadiwa nje ya kanisa kwa vicheko na ushindani, na mara nyingi mke wa mmisionari alijikuta amenunua kwa bei ya juu kuku yuleyule ambaye jirani yake alimleta asubuhi. Halafu jirani huyo angemletea kuku mwingine nyumbani, bure, kama zawadi.

Mishahara hawakuwa nayo. Waliishi kwa michango ya makanisa ya kwao, na mchango ulipochelewa walikopa dukani kama watu wengine. Watoto wao walisoma Rethy Academy, shule ya bweni iliyopokea watoto wa wamisionari kutoka vituo vya mbali, mpaka machafuko ya miaka ya 1990. Wamama wa Kilendu walishangaa: mtu anavuka bahari kuja kulea watoto wa wengine, kisha wa kwake anawapeleka bweni. Hoja yao ilikuwa na nguvu.

Lawama nyingine nazo ni za kweli. Nyumba nyingi zilizungushiwa ua. Pombe na ngoma vilikatazwa kwa ukali, na pamoja navyo zikapotea nyimbo ambazo hazikuwa na ubaya wowote.

Desturi ya mwisho ni mfuko wa safari, uliokaa tayari karibu na mlango. Julai 1960, baada ya askari kuasi, wengi walikimbilia Uganda. Mwaka 1964 vita vya waasi wa Simba viliwafukuza tena, na mwaka 1991 ukawa wakati wa uporaji wa askari. Kilichostahili kuandikwa ni kurudi kwao. Daktari Carl Becker na mkewe Marie, waliofika Kongo mwaka 1929 na kufanya kazi miaka mingi Oicha, waliondoka wakati wa Simba, kisha wakarudi kuanza upya Nyankunde, kusini mwa Bunia, katika hospitali ya misheni kadhaa kwa pamoja. Hospitali hiyo nayo ilishambuliwa Septemba 2002.

Tangu mashambulizi ya wanamgambo wa CODECO yaanze, na hali ya kuzingirwa kutangazwa Ituri Mei 2021, wanaojitolea hukaa Bunia, tena kwa muda mfupi. Wiki mbili hazitoshi kujifunza barza. Baadhi ya wapishi, mazamu na wamama waliowafundisha wageni wale bado wako hai, wengine kambini kama wakimbizi ndani ya nchi yao. Anayetaka kuandika historia ya kanisa la Djugu akawaulize hao kwanza, na aende mwaka huu.