Kipete Kidogo Ndani ya Injini ya Boti

Katika visiwa vya Lamu, nyumba nyingi hupata riziki yake kwa injini ya boti, na si mara moja fedha za kuifungua na kuitengeneza upya zimetoka katika mkoba wa mama wa nyumba. Basi ni haki yake kujua zinakwenda wapi. Pistoni, ringi na gasketi fundi atazitaja, kwani bei zake ni kubwa. Visivyotajwa ni vile vipete vya waya wa springi ambavyo mafundi huviita saklipu.

Kazi yake ni kuizuia pini inayounga pistoni na konrodi isitoke ubavuni. Kila pini ina saklipu mbili, moja kila ncha. Injini ya silinda mbili, basi, ina nne. Moja ikiruka, pini husogea hata ikagusa ukuta wa silinda, ikauchimba kwa kila mwendo wa pistoni. Silinda ikishachimbika hivyo, pistoni mpya haifai kitu, na huenda injini ikazimika katikati ya mkondo, abiria wamo ndani na kusi inavuma.

Saklipu iliyokwisha kutolewa isirudishwe. Koleo limeipinda, na ukakamavu wake umepungua ijapokuwa kwa macho yaonekana nzima. Fundi asemaye kuwa ya zamani bado nzuri anaokoa shilingi chache ambazo hakuna aliyemwomba aziokoe. Hiyo mpya nayo isibanwe kupita kiasi wakati wa kutiwa. Mwanya wake uelekee juu au chini, kwa kuufuata mwendo wa pistoni. Ukielekea ubavuni, kule kupanda na kushuka kwa kasi huweza kuibana mpaka ikachomoka. Tena ikae ndani ya mfuo wake mzunguko mzima. Na kabla ya hayo yote, mdomo wa tumbo la injini uzibwe kwa kitambaa safi: kipete hiki huruka kama panzi, na kikitumbukia mle, huenda injini yote ikafunguliwa tena.

Kwenye rafadha yuko nduguye, pini ya miguu miwili ipitayo katika nati ili isijifungue. Wengine hutia msumari mahali pake. Maji ya chumvi huula upesi, nati ikalegea, na rafadha ikaenda zake chini.

Siku ya kuichukua injini, mwombe fundi akuonyeshe saklipu za zamani, zote nne. Ajuaye kazi yake atakuwa amekwisha kukuwekea ndani ya kopo.