Hewa Mbaya Visimani: Msimfuate Aliyeanguka

Kisima kikikauka huko Dirma, katika Hanang, mwenyewe hufanya haraka kukichimba zaidi, kwani ng'ombe wangoja maji. Lakini mtu asishuke kabla hewa ya ndani haijapimwa.

Hewa njema ina oksijeni sehemu 21 katika 100. Kisimani, shimoni mwa choo, na katika ghala la nafaka lililofungwa, oksijeni yaweza kupungua. Ikiwa chini ya sehemu 19.5, mahali hapo si salama. Ikipungua sana, mtu huanguka pasipo kupiga kelele.

Watu wengi hutumainia taa: ikiwaka huko chini, hushuka. Taa ikizimika ni onyo la kweli. Lakini ikiwaka si dhamana, kwa maana ziko sumu zisizozima moto, na shimoni mwa choo moto waweza kulipua hewa. Yafaa kutumia kipimo cha hewa. Pampu ya petroli isishushwe kisimani kamwe, kwa kuwa moshi wake huua.

Ashukaye avae mkanda wa kifua na mabega, wenye kamba iliyopita katika kapi, na watu wawili wabaki juu. Akizimia, wamvute, wasimfuate. Taarifa ya NIOSH ya Marekani, ya mwaka 1986, ilieleza ya kuwa zaidi ya watu 60 katika kila 100 waliokufa mahali pa namna hii walikuwa waokoaji. Zimamoto huitwa kwa namba 114.

Mwenye kuajiri wachimbaji akumbuke: Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 yamwagiza kulinda usalama wao kazini. Kamba hununuliwa, ndugu hanunuliwi.