Si Kila Maumivu ya Kinena ni Ngiri

Mwanamume wa Mapinga akiumwa kinena, jina la ugonjwa humtangulia zahanati: ngiri. Jirani humletea mizizi ya kuchemsha, naye kwa kuona haya hukaa na siri yake miezi mingi. Katika ukanda wetu wa Pwani dhana hiyo ina sababu. Ngiri ya kweli ipo. Na matende na mabusha, maradhi ya minyoo inayoenezwa na mbu, yametusumbua kiasi kwamba mpango wa taifa wa kuyatokomeza ulianzia Kisiwa cha Mafia mwaka 2000. Hata hivyo, yako maumivu ya kinena yasiyo na uvimbe wowote, ambayo chanzo chake ni mishipa ya fahamu, yaani neva. Mgonjwa wa namna hii akipasuliwa ngiri asiyokuwa nayo, maumivu hubaki, na huenda yakazidi.

Neva za kinena huchomoza kwenye uti wa mgongo, sehemu ya juu ya kiuno (L1 na L2), hupita kati ya misuli ya tumbo na kuishia kwenye kinena na korodani. Neva ya pudendo hutoka chini zaidi (S2 hadi S4) na kuhudumia msamba na uume. Ndiyo maana hitilafu ya mgongo inaweza kuleta maumivu katika korodani iliyo nzima. Kovu nalo hubana neva: baada ya upasuaji wa ngiri, takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hubaki na maumivu kwa zaidi ya miezi 3. Kukaa muda mrefu juu ya kiti chembamba huibana neva ya pudendo; madaktari wa Ufaransa walieleza hali hiyo kwa waendesha baiskeli mwaka 1987, na kijana anayeshinda juu ya bodaboda katika barabara ya Bagamoyo hana budi kuijua.

Maumivu ya neva yana lugha yake. Huwaka kama moto, huchoma kama sindano, au hupita ghafla kama shoti ya umeme. Pengine huja na ganzi, au nguo ikigusa tu ngozi, inauma. Ya neva ya pudendo huzidi mgonjwa akikaa, hupungua akisimama, na kwa kawaida hayamwamshi usiku.

Baada ya daktari kukagua uvimbe, korodani na mkojo, mtaalamu wa fiziotherapia hufanya tathmini isiyohitaji mashine. Humwomba mgonjwa achore eneo la maumivu kwenye picha ya mwili. Hugusa ngozi kwa pamba, kisha kwa ncha butu, akilinganisha pande mbili. Hukunja nyonga na kuizungusha ndani, hupima misuli ya paja, na huchunguza mgongo. Mgonjwa akiinua kichwa akiwa amelala chali na maumivu ya tumbo la chini yakazidi anapobonyezwa, chanzo huenda kimo katika ukuta wa tumbo, si ndani yake. Uchunguzi wa msamba hufanywa kwa ridhaa na faragha.

Matibabu hufuata chanzo: kupunguza mgandamizo, kulainisha kovu, mazoezi ya nyonga na mgongo, kulegeza misuli ya sakafu ya nyonga kwa pumzi, dawa za maumivu ya neva, au sindano ya ganzi.

Yapo yasiyosubiri fiziotherapia. Korodani ikiuma ghafla na kwa ukali, inaweza kuwa imejisokota. Saa 6 za mwanzo ndizo za kuiokoa. Ngiri isiyorudi ndani pamoja na kutapika, au ganzi ya msamba pamoja na kushindwa kukojoa, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Kwa mhudumu: katika barua ya rufaa usiandike "ngiri" kama hukuona wala kupapasa uvimbe. Kwa mgonjwa: ukifika zahanati, usitaje jina la ugonjwa. Onyesha kwa kidole panapouma, na useme panaumaje.