Maneno Madogo ya Kiingereza Yenye Kazi Nyingi



Leo tunataka kusema nanyi juu ya maneno madogo ya Kiingereza. Wengi wetu tunaogopa maneno marefu. Kumbe hatari iko kwa mafupi. Sikilizeni namna tulivyojifunza jambo hili.

Mama mdogo wa mmoja wetu, hapa Katanika, aliletewa dawa ya maumivu kwa njia ya ziwa, kutoka Mpulungu kule Zambia. Karatasi yake ilikuwa ya Kiingereza tu. Mwenzetu akaitwa asome, maana yeye njo mwenye masomo. Akakuta: "Do not take on an empty stomach." Maneno yote aliyajua! "Take" ni kamata, "on" ni juu ya, "empty" ni tupu, "stomach" ni tumbo. Akajibu bila kusita: "Mama, banasema usikamate hii dawa juu ya tumbo tupu." Mama akashangaa, lakini akatii. Akaiweka mbali na tumbo lake, ndani ya kabati, na asubuhi akainywa mbele ya kula kitu. Siku nzima tumbo lilimchoma. Karatasi ilikuwa inasema: usinywe dawa hii kama hujala.

Kosa lilikuwa wapi? Neno "stomach" halikumdanganya. Waliomdanganya ni "take" na "on", maneno ya mwaka wa kwanza.

Sababu yake ni hii. Katika mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliishinda Uingereza, na baadaye maelfu ya maneno ya Kifaransa yakaingia katika Kiingereza. Kwa hiyo sisi tunaosoma kwa Kifaransa tunatambua upesi "continue", "arrive" na "government". Lakini maneno ya kila siku ni ya asili nyingine. "Get" na "take" yalitoka katika lugha ya watu wa Skandinavia waliokuja kukaa Uingereza mbele ya Wanormani. Hapo kujua Kifaransa hakutuonyeshi maana.

Tena maneno hayo ni wafanyakazi hodari. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa orodha ya maneno 850 tu ya kutosha mazungumzo ya kawaida. Vitenzi ndani yake vilikuwa 18, na "get", "take", "put" na "go" vilikuwamo. Vilitosha kwa sababu kila kimoja kinafanya kazi ya wengi. Na wenye kutengeneza kamusi kubwa ya Oxford wamehesabu maana zaidi ya 600 za kitenzi "run" peke yake!

Tusiwacheke Waingereza. Sisi tunapiga picha, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga magoti, tunapiga kelele, na hakuna anayeumia. Mgeni akijua tu kwamba kupiga ni kuchapa mtu, atasema nini akisikia tumepiga picha ya bibi yetu? Sisi hatukosei, kwa sababu tunasikia "piga" pamoja na jirani yake.

Basi, tufanye vilevile kwa "get". "Get a letter" ni kupata barua. "Get home" ni kufika nyumbani. "Get tired" ni kuchoka. "Get up" ni kuamka au kusimama. Pale bandarini, "get on the boat" ni kupanda boti, na "get off" ni kushuka. Angalieni: "get" ni ileile, jirani ndiye anayebadilika, na maana inamfuata jirani.

Kuna mtego mwingine, hasa kwenu ninyi wa mwaka wa mwisho. Kwa Kifaransa "passer un examen" ni kufanya mtihani, hata ukianguka. Kwa Kiingereza "pass an exam" ni kufaulu. Kuufanya tu ni "take an exam". Ukimwandikia ndugu yako wa Kigoma "I passed my exam" siku ya kutoka katika Mtihani wa Serikali, atapika karamu mbele ya matokeo. Na matokeo yakiwa mabaya, nani atarudisha kuku?

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, katika daftari usiandike "take = kamata". Andika fungu zima: "take medicine, kunywa dawa", "take a photo, kupiga picha", "take a bus, kupanda basi". Pili, ukifungua kamusi usisimame kwenye mstari wa kwanza. Shuka mpaka upate mfano unaofanana na maneno yako. Tatu, ukimaliza kutafsiri, jiulize: je, mtu mwenye akili anaweza kusema hivi? Nani ataandika onyo juu ya dawa na tumbo lisilo na nguo? Kama maana ni ya ajabu, rudi kwa maneno madogo.

Mwenzetu aliomba msamaha, na mama yake mdogo akacheka, lakini baada ya kupona. Nyumbani wanatuita kusoma karatasi kwa sababu wanatuamini. Mbele ya kujibu "najua", tutazame jirani wa neno.