Kungoja Kitabu Kijacho: Riwaya za Mfululizo na Nafasi ya Bunilizi ya Kisayansi katika Kiswahili

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameandika mengi juu ya mwandishi na kazi yake, na kwa kiasi fulani juu ya msomaji anaposoma. Hali ya msomaji aliyekwisha kusoma na ambaye sasa anangoja haijapewa uzito unaostahili. Hata hivyo, kungoja ni sehemu ya kusoma. Msomaji aliyefunga riwaya huku akitumaini kwamba mhusika wake atarudi katika kitabu kingine huendelea kuijenga hadithi akilini: hukisia, hubishana na wenzake, na huurudia ukurasa wa mwisho akitafuta dalili.

Katika mataifa mengi hali hii huonekana zaidi kwa wapenzi wa bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi zinazojengwa juu ya sayansi iliyopo au inayowezekana, kama vile safari za anga, sayari za mbali na mitambo yenye akili. Mhadhara huu unachunguza swali moja: kwa nini msomaji wa Kiswahili amezoea kumngoja mpelelezi, lakini hajapata kumngoja msafiri wa anga?

2. Lugha ya kungoja

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya hali hii, na kila kimoja kina mwelekeo wake. *Kungoja* ni kubaki mahali hadi jambo litokee. *Kungojea*, kwa kiambishi cha utendea, humfunga mngojaji na kitu mahususi. *Kusubiri*, chenye asili ya Kiarabu, hubeba maana ya uvumilivu. *Kutarajia* hutia tumaini, na *kutazamia*, kinachotokana na kutazama, humwelekeza mtu upande ambao jambo litatokea.

Methali nazo zimegawanyika. *Subira yavuta heri* humsifu mngojaji, ilhali *ngoja ngoja huumiza matumbo* humwonya. Msomaji wa mfululizo huishi baina ya methali hizo mbili. Anapopata ishara kwamba kitabu kitakuja, hutazamia. Ishara zikikatika, hubaki akingoja tu, na hatimaye huacha. Kwa hiyo, mfululizo hauundwi na mwandishi peke yake. Unahitaji pia mazingira yanayomwezesha msomaji kutazamia.

3. Kutoka ngano hadi mfululizo

Katika fasihi simulizi mhusika anayerudi si jambo geni. Sungura na Abunuwasi wamerudi mara nyingi bila ya mtu kumngoja mwandishi. Msimulizi akisema "Paukwa", hadhira ikajibu "Pakawa", mhusika yupo. Ngano ni mali ya wote, na kila bibi anaweza kuiongeza.

Maandishi ya chapa yalibadili uhusiano huo. Mwaka 1929 msomaji wa Kiswahili alipata *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, tafsiri ya riwaya ya Rider Haggard iliyofanywa na Frederick Johnson. Mwaka 1934 alikutana tena na mhusika wake mkuu katika tafsiri ya *Allan Quatermain*. Hapa kurudi kwa mhusika kulitegemea mfasiri, mhariri na mtambo wa chapa. Hakuna msimulizi wa kijijini aliyekuwa na mamlaka ya kumrudisha Quatermain. Kungoja kitabu, kwa maana inayojadiliwa hapa, kulianza pale hadithi ilipopata mmiliki.

Mfululizo wa kwanza mkubwa uliotungwa kwa Kiswahili ni ule wa Bwana Msa, kazi ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960. Zikafuata *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974), *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975), *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976) na *Kosa la Bwana Msa* (1984). Miaka hiyo yaonyesha aina tatu za kungoja. Msomaji wa kwanza alingoja miaka 8. Baadaye, kati ya 1973 na 1976, alipata kitabu kila mwaka. Kisha akangoja tena miaka 8. Haielekei kwamba kijana aliyesoma kitabu cha kwanza akiwa shuleni alikipata cha mwisho kabla hajawa mtu mzima mwenye watoto.

4. Aina mbili za mfululizo

Ili kulijibu swali la mhadhara huu, ni lazima kutofautisha mfululizo wa visa na mfululizo wa mkusanyiko.

Katika mfululizo wa visa, mhusika hubaki lakini kila kitabu hujitosheleza. Bwana Msa na kiko chake, akiwa na rafiki yake Najum, hufumbua fumbo moja na kulimaliza. Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika *Kufa na Kupona* (1974), *Kikosi cha Kisasi* (1979), *Njama* (1981) na *Hofu* (1988), hupewa kazi, huitimiza, na kazi nyingine huanza upya. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ana sifa hiyohiyo. Aanzaye na kitabu cha tatu hapotezi kitu kikubwa.

Katika mfululizo wa mkusanyiko, kila juzuu hujengwa juu ya iliyotangulia. Bunilizi ya kisayansi hupenda muundo huu kwa sababu huumba ulimwengu mzima, wenye historia, sheria na msamiati wake. Isaac Asimov alianza kuchapisha visa vya *Foundation* katika jarida mwaka 1942. Vikakusanywa katika vitabu vitatu kati ya 1951 na 1953, na wasomaji wakangoja hadi 1982 kupata kitabu cha nne. Frank Herbert alitoa *Dune* mwaka 1965, akafikisha kitabu cha sita mwaka 1985, akafariki 1986 hali hadithi ikiwa bado inaning'inia. Msomaji wa aina hii akikosa juzuu moja, hupotea njia.

5. Msomaji wa Kiberege

Tofauti hii si ya kinadharia tu. Na uchukuliwe mfano wa msomaji aishiye Kiberege, katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro, kando ya barabara itokayo Mikumi kupitia Kidatu kwenda Ifakara. Upande mmoja ana milima ya Udzungwa, na upande wa pili tambarare ya mpunga ambayo masika huifurisha na kuzikata njia. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na kupita katika bonde hilo. Miaka hiyohiyo ndiyo iliyomleta Willy Gamba.

Njia zilileta watu, na vitabu vilikuja katika mizigo ya watu hao: mkoba wa mwanafunzi arudiye likizo, sanduku la mwalimu aliyehamishwa, mfuko wa abiria ashukaye kwenye basi. Kitabu kilichofika hivyo hakikuchaguliwa na msomaji. Alisoma kilichopo, pengine bila jalada, na pengine cha nne kabla ya cha pili. Kisha kikaazimwa, na kilipoazimwa mara nyingi hakikurudi.

Kwa msomaji huyo mfululizo wa visa unafaa kabisa, kwa kuwa hauhitaji mpangilio. Mfululizo wa mkusanyiko usingewezekana. Hivyo basi, wingi wa wapelelezi na uhaba wa wasafiri wa anga hauelezwi kwa kudai kwamba Mswahili hapendi sayansi. Sehemu kubwa ya maelezo imo katika namna kitabu kinavyosafiri. Uchapishaji nao haukusaidia. Shirika la vitabu la Afrika Mashariki, lililomchapisha Abdulla mwaka 1960, halikuendelea baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, na wachapishaji waliobaki walielemea soko la shule, ambalo hununua kitabu kimoja kilichoteuliwa. Hata tuzo, ikiwemo ile ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupewa mswada mmoja mmoja.

6. Vitabu pweke

Haina maana kwamba bunilizi yenye chembe za kisayansi haipo. Katika *Walenisi* (1995), Katama Mkangi anamrusha Dzombo angani katika chombo kilichokusudiwa kumwangamiza, naye anatua katika ulimwengu ambao jina lake lenyewe, "wale ni sisi", ni hoja. Said Ahmed Mohamed katika *Babu Alipofufuka* (2001) na Kyallo Wadi Wamitila katika *Bina-Adamu!* (2002) wamevuka mipaka ya uhalisia kwa njia zao. Aliyekaribia mfululizo zaidi ni Euphrase Kezilahabi, ambaye *Nagona* (1990) yake ilifuatwa na *Mzingile* (1991), riwaya inayosomwa kama mwendelezo. Wasomaji waliotumaini riwaya ya tatu hawakuipata. Mwandishi alifariki mwaka 2020.

Kila kimoja kati ya vitabu hivi ni mlango uliofunguliwa na kuachwa. Msomaji aliingia, akaona ulimwengu mpya, akatoka, na hakuitwa tena.

7. Mfululizo kama shule ya istilahi

Hasara ya kiisimu ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Istilahi haisimiki kwa kuorodheshwa tu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, lakini neno hukaa katika lugha pale linaporudiwa na watu wanaolihitaji. Hapo ndipo mfululizo hufanya kazi ambayo kamusi haiwezi. Katika juzuu ya kwanza mwandishi hulazimika kulieleza neno. Katika ya pili hulikumbusha tu. Katika ya tatu wahusika hulitumia bila maelezo, na msomaji halioni tena kuwa geni.

Mfano mzuri ni wa *ngamizi*, *tarakilishi* na *kompyuta*, maneno matatu ya chombo kimoja. Kitabu pweke huchagua lake na kunyamaza. Mfululizo unaopendwa ungeweza kuamua ushindani huo, kwa sababu maelfu ya wasomaji wangezoea neno la mhusika wao.

Suala hili ni zito zaidi Tanzania, ambako mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi, kisha huhamia Kiingereza anapoingia sekondari. Kwa mwanafunzi wa Kiberege, Kiswahili cha sayansi hukoma hapo. Umri anaoanza kuiwazia dunia ijayo ndio umri ambao lugha yake inanyimwa nafasi ya kuitaja.

8. Hitimisho

Kikwazo cha usafiri wa kitabu kimeanza kupungua. Simulizi za mfululizo sasa huuzwa na kusomwa kwa simu ya mkononi, sehemu baada ya sehemu, na msomaji wa Kiberege aweza kupata sehemu ya pili saa ileile anayoipata wa Dar es Salaam, kwa mpangilio uliokusudiwa. Nyingi ya simulizi hizo bado ni za mapenzi, uchawi na upelelezi, lakini sharti ambalo mfululizo wa mkusanyiko ulilikosa kwa miongo mingi limepatikana.

Yamebaki masharti mawili. La kwanza ni mwandishi atakayeahidi ulimwengu, si kisa, na mchapishaji atakayemwezesha kuitimiza ahadi hiyo. La pili ni wanaisimu kukubali kwamba mahali pa kuzijaribu istilahi zao ni kinywani mwa wahusika wanaopendwa. Mtobwa alifariki mwaka 2008, na Musiba mwaka 2010, na hadi leo wapo wanaowakumbuka Joram Kiango na Willy Gamba kama jamaa walioondoka bila kuaga. Watu waliojua kungoja hivyo wanaweza kungojea pia chombo cha anga, mradi wapewe sababu ya kutazama juu.