Sanduku Lenye Kufuli Tatu

Mwaka 1991, katika eneo la Maradi nchini Niger, akina mama wa vijijini walianza kuweka akiba kwa pamoja, wakiongozwa na shirika la CARE. Kwa Kihausa waliitwa Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye werevu. Hawakugawiwa mtaji, kila mmoja alitoa senti zake mwenyewe.

Mpango huo umekwisha kuenea hadi Uganda, Tanzania na Rwanda. Sanduku la kikundi hufungwa kwa kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu, ambao si mtunza sanduku. Hakuna awezaye kulifungua peke yake, hata kwa amri ya mumewe! Hesabu hufanywa mbele ya wote. Faida ya mikopo, ambayo ingemnenepesha mkopeshaji wa mtaani, hugawanywa kwa wanachama mwisho wa mwaka, kwa kadiri ya akiba ya kila mmoja.

Kambini kuna ugumu wake, kwani askari huhamishwa ghafla. Yafaa mkewe akope kiasi ambacho akiba yake yaweza kukilipa, ili asiwaachie jirani zake deni.